Mama, Mtoto na VVU: Kinga Tangu Ujauzito hadi Kuachisha Ziwa

Mtoto anaweza kupata VVU kutoka kwa mama yake katika vipindi vitatu: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, na wakati wa kunyonya. Pasipo dawa wala kinga yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa. Hesabu hiyo ina upande wa pili unaosahaulika kwa urahisi: hata kabla ya dawa kupatikana, zaidi ya nusu ya watoto walitoka salama. Imani kwamba mama mwenye virusi lazima azae mtoto mwenye virusi haijawahi kuwa kweli, na imewaumiza wengi. Wapo wanawake walioacha kuzaa ilhali walitamani mtoto, wapo walioachwa na waume zao, na wapo ambao hawakumpeleka mtoto kupimwa kwa kudhani kuwa jibu wanalijua tayari.

Wakati wa ujauzito damu ya mama na ya mtoto hazichanganyiki. Kondo la nyuma hupitisha chakula na hewa huku likizuia sehemu kubwa ya virusi, ndiyo maana maambukizi ya tumboni ni machache, watoto 5 hadi 10 kati ya 100. Leba ina hatari kubwa zaidi, watoto 10 hadi 15, kwa sababu mtoto hupita katika damu na majimaji ya uzazi, hasa chupa inapopasuka mapema au uchungu unapochukua muda mrefu. Maziwa huongeza wengine 5 hadi 20, na hatari hiyo hujijenga polepole kila mwezi mtoto anaponyonya kwa mama asiyetumia dawa.

Vipindi hivyo vitatu vinategemea jambo moja: wingi wa virusi katika damu ya mama. Mama anayemeza dawa za kufubaza virusi (ARV) kila siku, virusi vyake vikafubaa mpaka kipimo hakivioni, mtoto wake huwa na nafasi ndogo mno ya kuambukizwa, chini ya mmoja kati ya 100 hata akinyonya kwa mwaka mzima. Kwa hiyo kinga ya mtoto, kwa sehemu kubwa, ni tiba ya mama. Jambo hili linaonekana dhahiri leo, lakini mipango ya afya ilichukua karibu miaka ishirini kulikubali, na mianya mingi inayoendelea kuwaambukiza watoto ni mabaki ya miaka ambayo mama alihesabiwa kama njia ya kumfikia mtoto.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa muongo mzima uliofuata, mjamzito aliyegundulika kuwa na virusi hakuwa na cha kupewa ila ushauri. Mabadiliko yalianza mwaka 1994, pale utafiti uliofanyika Marekani na Ufaransa ulipoonyesha kwamba dawa ya zidovudini hupunguza maambukizi kwa mtoto kutoka asilimia 25.5 hadi 8.3. Utaratibu wenyewe ulikuwa mzito: mama alimeza vidonge mara tano kwa siku tangu mimba ikiwa changa au ya kati, akatundikiwa dripu ya dawa wakati wa uchungu, kisha mtoto akanyweshwa dawa kwa wiki sita. Wanawake hao hawakunyonyesha. Kwa zahanati ya kijijini isiyo na umeme, na kwa mama ambaye maziwa yake ndiyo chakula pekee cha mtoto, habari hiyo njema ilikuwa mbali sana.

Jibu lililofaa mazingira ya Afrika Mashariki lilitoka Kampala. Mwaka 1999 watafiti wa hospitali ya Mulago na wenzao wa Marekani walitangaza kwamba kidonge kimoja cha nevirapini alichomeza mama uchungu ulipoanza, pamoja na tone la dawa hiyo hiyo alilopewa mtoto ndani ya siku tatu za kuzaliwa, vilipunguza maambukizi kwa karibu nusu vikilinganishwa na zidovudini ya muda mfupi. Mtoto alipofikia wiki 14 hadi 16, walioambukizwa walikuwa asilimia 13.1 dhidi ya 25.1. Bei ilikuwa ndogo na kidonge mama aliweza kukaa nacho nyumbani akisubiri uchungu. Mwaka 2000 Tanzania ilianza mpango wa majaribio katika hospitali tano: Muhimbili, KCMC, Bugando, Mbeya na hospitali ya mkoa wa Kagera. Kenya nayo ilianza mwaka huo huo.

Nchini Afrika Kusini kidonge hicho kilifika mahakamani. Serikali ilikibana katika vituo vichache vya majaribio, na wanaharakati wa Treatment Action Campaign wakaishtaki. Mwezi Julai 2002 Mahakama ya Katiba iliamuru nevirapini itolewe katika hospitali zote za umma zenye uwezo wa kupima na kushauri. Hukumu hiyo ingali inatajwa barani Afrika kila inapojadiliwa haki ya mgonjwa kupata dawa ambayo nchi ina uwezo wa kuitoa.

Nevirapini ya kidonge kimoja iliokoa watoto wengi sana, na hilo halipaswi kudharauliwa. Lakini ilikuwa na kasoro mbili zilizotokana na mtazamo uleule wa kumlenga mtoto peke yake. Dawa hii hukaa katika damu kwa siku nyingi ikipungua taratibu, na virusi vikikutana na kiasi kidogo cha dawa moja tu hujifunza kuishinda. Mama alipokuja kuugua miaka miwili au mitatu baadaye na kuhitaji matibabu kamili, baadhi ya dawa zilizokuwapo wakati ule zilikuwa zimekwisha kupoteza nguvu mwilini mwake. Kasoro ya pili ilikuwa nzito zaidi. Baada ya kujifungua mama alirudi nyumbani na virusi vyake bila tiba yoyote. Aliendelea kunyonyesha, na hatari ikaendelea naye. Wapo waliofariki wakiacha mtoto mzima asiye na mama, na mtoto wa namna hiyo, hata asiye na virusi, hukabiliwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa mapema.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilizipa nchi njia mbili za kuchagua, A na B. Zote ziliongeza dawa na muda, lakini zote zilimtaka mama apimwe kwanza kinga ya mwili, kipimo cha CD4, ili ijulikane kama anastahili tiba ya maisha au dawa za muda tu. Malawi, nchi yenye mashine chache za kipimo hicho na vijiji vingi visivyofikika kwa urahisi, iliona kwamba sharti hilo lingewaacha nje wanawake wake wengi. Mwaka 2011 ikaamua jambo ambalo halikuwa kwenye mwongozo wowote: kila mjamzito mwenye VVU aanze ARV siku anayogundulika na aendelee nazo maisha yake yote, bila kusubiri kipimo. Mpango huo uliitwa B+. Uganda iliufuata mwaka 2012, Tanzania mwaka 2013, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipanua kanuni hiyo kwa kila mtu mwenye virusi, mwanamume kwa mwanamke. Uamuzi uliozaliwa na uhaba wa mashine katika nchi maskini ndio uliogeuka kuwa kanuni ya dunia.

Dawa zenyewe zimeboreka. Tangu mwaka 2019 dolutegraviri, ikichanganywa na dawa nyingine mbili katika kidonge kimoja kwa siku, ndiyo inayopendekezwa kwa watu wazima wote, wajawazito wakiwamo. Ilitanguliwa na hofu. Mwaka 2018 takwimu za awali kutoka Botswana ziliashiria kwamba huenda dawa hiyo inasababisha kasoro za uti wa mgongo kwa watoto, na baadhi ya nchi zikawazuia wanawake wa umri wa kuzaa kuipata huku wanaume wakipewa. Utafiti huohuo ulipoendelea kukusanya takwimu, tofauti ilififia hadi kutoweka. Kipindi kile kifupi kilionyesha jinsi ilivyo rahisi kumnyima mwanamke dawa bora kwa ajili ya mimba ambayo pengine hata hakuikusudia.

Suala la kunyonyesha limebishaniwa kuliko yote. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa mwaka 2000, ukiongozwa na Dkt. Ruth Nduati na wenzake, uliwagawa akina mama katika makundi mawili: wanaonyonyesha na wanaotumia maziwa ya kopo. Baada ya miaka miwili, watoto walioambukizwa katika kundi la kunyonya walikuwa asilimia 36.7, na katika kundi la kopo asilimia 20.5. Ulikuwa ushahidi wa wazi kwamba maziwa ya mama hupitisha virusi. Hata hivyo vifo vya watoto katika makundi hayo havikutofautiana sana, ijapokuwa akina mama walioshiriki walikuwa na maji safi. Mwaka uliotangulia, watafiti wa Durban walikuwa wameonyesha kwamba watoto walionyonya maziwa ya mama pekee waliambukizwa kidogo kuliko waliochanganyiwa maziwa na vyakula vingine. Inadhaniwa kwamba uji, maji na maziwa ya ng'ombe huchubua utumbo mchanga wa mtoto, na virusi hupata pa kupenyea.

Somo kali lilitoka Botswana, ambako serikali iliwagawia akina mama wenye VVU maziwa ya kopo bila malipo. Mapema mwaka 2006, baada ya mvua kubwa, mlipuko wa kuhara uliwaua watoto wengi, na waliolazwa kwa wingi walikuwa wale wasionyonya. Tangu hapo mwelekeo ulianza kugeuka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema mama mwenye VVU anayemeza dawa amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita, aongeze vyakula vingine huku akiendelea kunyonyesha hadi walau mwaka mmoja, na anaweza kufika miaka miwili au zaidi kama mama wengine wote. Sharti ni moja, nalo ni kumeza dawa bila kukosa.

Kunyonyesha maziwa pekee ni rahisi kusemwa kliniki kuliko kutekelezwa nyumbani. Mtoto akilia usiku, bibi atasema ana chango na atadai dawa ya kienyeji au maji ya uvuguvugu. Mama mkwe atauliza kwa nini mjukuu wake wa miezi minne hajaonja uji. Kwa mama ambaye hajamwambia mtu hali yake, kukataa maji hayo ni sawa na kujitangaza, hasa katika maeneo ambako watu bado wanakumbuka enzi za maziwa ya kopo na wamezoea kutafsiri kila tofauti ya ulishaji kuwa dalili ya UKIMWI. Mhudumu anayempa mama ushauri huu peke yake chumbani anamkabidhi mzigo unaohitaji nyumba nzima kuubeba. Vituo vinavyomwalika bibi na mama mkwe kwenye somo la lishe ya watoto wote, bila kutaja hali ya yeyote, vinamsaidia zaidi.

Mlango wa huduma zote hizi ni kliniki ya wajawazito. Mama hupimwa VVU na kaswende kwa tone la damu la kidole, mara nyingi kwa kipimo kimoja kinachoonyesha vyote viwili, na majibu hutoka siku hiyo hiyo. Utafiti wa afya ya uzazi na malaria wa mwaka 2022 nchini Tanzania ulionyesha kwamba karibu wajawazito wote hufika kliniki walau mara moja, lakini ni takriban theluthi moja tu waliofika ndani ya miezi mitatu ya kwanza, na asilimia 65 waliofika mara nne au zaidi. Asilimia 81 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Kuchelewa kunajulikana sababu zake: mimba changa haitangazwi, kwa kuhofia husuda au isije ikaharibika watu wakajua, kliniki ni mbali, na wengi huona hakuna haja ya kwenda mapema kama mwili hauna shida. Kwa mama mwenye virusi asiyejijua, kila wiki ya kuchelewa ni wiki ambayo dawa ingekuwa inafubaza virusi kabla ya leba.

Utaratibu wa kumtaka mama aje na mwenzi wake ulibuniwa kwa nia njema. Baba akipimwa, siri hupungua, dawa humezwa mezani, na nauli ya kliniki hutolewa bila maswali. Lakini mahali pengine nia hiyo iligeuzwa kuwa sharti. Watafiti wamerekodi katika mikoa kadhaa ya Tanzania wajawazito wasio na waume, au ambao waume zao wamesafiri au wamekataa kuja, wakitakiwa kuleta barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji ndipo wahudumiwe. Binti wa miaka 17 aliyepewa mimba na kukataliwa ndiye anayehitaji kliniki kuliko wote, na ndiye anayefukuzwa na barua hiyo. Ushiriki wa wanaume hupatikana vizuri zaidi kwa kumpa mama kipimo cha kujipima ampelekee mumewe, au kwa kufungua kliniki jioni na Jumamosi, kuliko kumzuia mama mlangoni. Marekebisho ya sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2019 yaliruhusu kujipima na kushusha umri wa kupima bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, na yote mawili yanawagusa moja kwa moja wasichana wajawazito.

Mama anayegundulika na virusi leo huanzishiwa dawa leo. Kwa mtoto, kasi hiyo ni ya lazima. Kwa mama ni mshtuko: asubuhi alitoka nyumbani kufuata kadi ya kliniki, mchana anarudi na chupa ya vidonge vya maisha na habari asiyojua atamwambia nani. Haishangazi kwamba wengi hupotea. Takwimu za miaka ya mwanzo ya B+ nchini Malawi zilionyesha kwamba wanawake walioanza dawa kwa sababu ya ujauzito walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kutorudi kabisa baada ya siku ya kwanza, wakilinganishwa na wanawake walioanza kwa sababu walikuwa wanaumwa. Mgonjwa aliyeinuka kitandani ameiona faida ya dawa kwa mwili wake. Mjamzito mwenye afya anaombwa aiamini.

Mpasuko mkubwa zaidi huja baada ya kujifungua. Kabla ya hapo kila kitu kinamvuta mama kituoni: tumbo linakua, kadi ina tarehe, mtoto anasubiriwa. Mtoto akishazaliwa, mvuto huo hulegea. Mama wa uzazi wa kwanza katika jamii nyingi huenda kwa wazazi wake kuuguzwa uzazi, pengine wilaya nyingine kabisa, na kukaa huko siku arobaini au miezi. Chupa ya dawa inayotoa sauti ndani ya mkoba hufichwa, kisha husahaulika, kisha huisha. Akirudi, huenda akahamishwa kutoka kliniki ya baba, mama na mtoto kwenda kliniki ya tiba na matunzo, yenye jengo lake, foleni yake na macho ya majirani. Kila uhamisho wa faili ni nafasi ya mtu kupotea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maambukizi mapya ya watoto katika Afrika Mashariki na Kusini sasa, zaidi ya nusu, hutokea wakati wa kunyonya, miezi mingi baada ya leba ambayo mipango ya kwanza iliiona kuwa ndiyo vita yenyewe.

Mtoto naye ana ratiba yake. Tangu kuzaliwa hupewa dawa ya maji ya kumkinga, kwa kawaida nevirapini kwa wiki sita. Mtoto wa mama aliyechelewa kuanza dawa au ambaye virusi vyake havijafubaa huongezewa dawa ya pili na muda mrefu zaidi. Kumpima kunahitaji uangalifu, kwa sababu kipimo cha kidole hutafuta kingamwili, na mtoto huzaliwa na kingamwili za mama zinazoweza kudumu hadi miezi 18. Kipimo hicho kikionyesha VVU kwa mtoto wa miezi miwili, kinasema habari za mama. Kwa hiyo matone ya damu ya kisigino hukaushwa kwenye karatasi maalumu, kwa kawaida akiwa na wiki nne hadi sita, na kupelekwa kwenye maabara kubwa inayotafuta kirusi chenyewe. Bahasha hiyo husafiri kwa basi au bodaboda, na majibu yakichukua mwezi au zaidi, mama wengi huwa hawarudi kuyachukua. Mashine ndogo zinazotoa majibu siku hiyo hiyo zimesogezwa katika baadhi ya hospitali za wilaya, na pale zilipo mtoto mwenye virusi huanza dawa mapema zaidi.

Haraka hiyo ina sababu. Bila tiba, karibu nusu ya watoto wanaozaliwa na virusi hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, wengi wao katika miezi ya kwanza. Utafiti wa Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuanza ARV mapema, kabla mtoto hajaonyesha dalili, hupunguza vifo kwa asilimia 76. Na jibu la wiki ya sita halimalizi kazi: mtoto anayeendelea kunyonya anaendelea kuwa na hatari, kwa hiyo hupimwa tena mpaka atakapoachishwa ziwa. Watoto wengi huwa na jibu la kwanza kwenye kadi, na nafasi ya jibu la mwisho huwa tupu.

Kundi moja lilisahaulika kwa muda mrefu, nalo ni wanawake waliopimwa wakakutwa salama. Ujauzito na miezi baada ya kujifungua ni wakati ambao mwanamke huambukizwa kwa urahisi zaidi. Takwimu za wenzi wa Afrika, mmoja akiwa na VVU na mwingine hana, zilizochapishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba hatari kwa kila tendo la ndoa huongezeka karibu mara tatu mwishoni mwa ujauzito na karibu mara nne baada ya kujifungua. Huenda sababu ziko katika mwili wenyewe, kwa mabadiliko ya homoni na kinga. Mama anayeambukizwa akiwa ananyonyesha ana virusi vingi mno katika wiki za kwanza, hajijui, na kadi yake ya kliniki inasema yuko salama. Kumpima tena katika miezi mitatu ya mwisho na wakati wa kunyonyesha ndiyo njia pekee ya kumwona, na upimaji huo wa pili huachwa mara nyingi vipimo vinapopungua.

Kwa wanawake hao ipo dawa kinga, kidonge anachomeza mtu asiye na virusi ili asiambukizwe. Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa wajawazito na wanaonyonyesha tangu mwaka 2017, mwaka ambao Kenya iliianzisha kitaifa, na katika kaunti za Siaya na Homa Bay imetolewa ndani ya kliniki zilezile za mama na mtoto. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya sindano ya lenakapaviri, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, kwa wanawake vijana wa Afrika Kusini na Uganda. Kati ya 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, na waliopata mimba waliruhusiwa kuendelea. Kwa mwanamke asiyeweza kumwambia mume avae kondomu, wala kuweka vidonge ndani ya nyumba bila kuulizwa, sindano isiyoonekana ina thamani ya pekee.

Afya ya mama mwenyewe ina mahitaji ambayo orodha za kinga ya mtoto huyaruka. Mama mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli kujikinga na magonjwa nyemelezi hapaswi kupewa SP ya kuzuia malaria, kwa sababu dawa hizo mbili ni za jamii moja na zikijumlishwa humdhuru. Kinga yake ya malaria ni hiyo kotrimoksazoli pamoja na chandarua. Mhudumu asiyeona hali yake kwenye kadi anaweza kumpa SP kwa mazoea. Kifua kikuu kinapaswa kuulizwa kila hudhurio. Saratani ya mlango wa kizazi humpata mwanamke mwenye VVU mara sita zaidi ya asiye navyo, na uchunguzi wake huanza akiwa na miaka 25. Sonona baada ya kujifungua, ambayo kliniki nyingi haziiulizi, ni miongoni mwa sababu za mama kuacha dawa. Na uzazi wa mpango ni sehemu ya kinga hii kwa maana ya kumpa mwanamke uamuzi: anayetaka mtoto mwingine asaidiwe kushika mimba virusi vikiwa vimefubaa, na asiyetaka apate njia anayoichagua bila kuhutubiwa.

Hali ya Tanzania inatofautiana sana kwa mahali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa Watanzania wenye miaka 15 na zaidi: wanawake asilimia 5.6, wanaume 3.0. Njombe ilifikia asilimia 12.7 na Iringa 11.1, wakati Zanzibar ilikuwa 0.4. Miongoni mwa waliojua hali zao, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati yao asilimia 94.3 virusi vilikuwa vimefubaa. Pengo lililosalia liko kwa wasiojijua, na huko Njombe, penye mashamba ya chai na mbao na vibarua wanaohama hama, kumfuatilia mama baada ya kujifungua ni kazi tofauti kabisa na ilivyo Unguja.

Inawezekana kufika mbali. Cuba ilithibitishwa mwaka 2015 kuwa nchi ya kwanza kutokomeza maambukizi ya mama kwa mtoto, na mwaka 2021 Botswana, nchi yenye kiwango cha juu cha VVU, ilikuwa ya kwanza ya aina yake kutunukiwa hatua ya kuelekea huko. Kipimo cha kutokomeza kabisa, kwa nchi ambako mama hunyonyesha, ni maambukizi chini ya asilimia 5 na watoto wapya walioambukizwa wasiozidi 50 kwa kila vizazi hai 100,000. Botswana ilipata hatua yake kwa tiba ya bure na kwa kuwafuata mama waliopotea mmoja mmoja.

Kazi hiyo ya kufuatilia hufanywa na watu wa kawaida. Afrika Kusini ilianza mwaka 2001, Cape Town, kwa shirika la mothers2mothers kuwaajiri mama wenye VVU waliojifungua watoto salama ili wawashauri wajawazito wapya. Kenya ina mama washauri, Tanzania ina WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao. Hao ndio wanaompigia simu mama aliyekosa tarehe, wanaomfundisha kumwaga vidonge kwenye chombo kisicholia, wanaojua nyumba ya kubisha hodi na nyumba ya kupita kimya. Mjamzito anayemwona mwanamke mwenye hali kama yake akimbeba mtoto wa miaka mitatu mwenye afya anapata uthibitisho ambao daktari hawezi kumpa.

Wengi wao hulipwa posho ndogo kutoka fedha za miradi ya wafadhili, na hapo ndipo mfumo ulipo dhaifu zaidi. Tangu mpango wa Marekani wa PEPFAR utangazwe mwaka 2003, sehemu kubwa ya dawa, vipimo na watumishi wa huduma hii katika kanda imegharimiwa kutoka nje. Mwaka 2021 shehena ya ARV ilikwama bandarini Mombasa kwa mvutano kati ya serikali ya Kenya na wafadhili, kodi ikiwa mojawapo ya hoja, na wenye VVU wakaishiwa akiba ya dawa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Msamaha uliofuata uliruhusu tiba na kinga ya mama kwa mtoto ziendelee, na dawa kinga ikabakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu, huku vikundi vingine vikiachwa. Lakini vidonge kuwapo stoo ni sehemu ya huduma. Washauri waliosimamishwa kazi, magari ya sampuli yaliyosimama na takwimu zilizoacha kuingizwa ni sehemu nyingine. Nchi zinazotaka kubeba huduma hii zenyewe zinatakiwa kuanza na ajira ya washauri hao katika bajeti za halmashauri na kaunti, kwa kuwa mama aliyeacha dawa mwezi wa nne wa kunyonyesha hatafutwi na sheria wala na bohari ya dawa, anatafutwa na mtu anayelijua jina lake na njia ya kwao.